Mifuko Niliyoifunga

Mwaka ule wa masomo niliuanza kwa kufunga mifuko ya sketi ya binti yangu. Niliifunga vizuri, hilo nalisema bila aibu, kwa maana mimi ni fundi wa cherehani na sijui kushona vibaya hata ninapofanya ujinga. Nilipitisha mshono mara mbili, uzi wa buluu juu ya kitambaa cha buluu, kisha nikaipiga pasi. Ungeitazama usingejua kwamba sketi ile iliwahi kuwa na mifuko. Binti alikuwa na miaka kumi na alikuwa anaingia darasa la tano.

Sababu nilikuwa nayo. Mwaka uliotangulia, kila jioni mama yake alikuwa akitoa vitu kwenye mifuko hiyo: vifuniko vya chupa, vipande vya chaki, waya, ufunguo ambao haukufungua mlango wowote wa kwetu, na siku moja panzi mzima akiwa hai. Shuleni niliitwa mara nyingi mpaka mlinzi wa lango akaanza kunisalimu kama mfanyakazi mwenzake. Maneno yalikuwa yale yale. Anachezea vitu, anasimama, anazungumza, anaanza kazi na hamalizi. Nikapiga hesabu zangu za kifundi: nikiondoa mahali pa kuwekea vitu, vitu vitaisha, na vitu vikiisha mtoto atatazama ubao.

Mke wangu anauza vitambaa sokoni, na macho yake huona kasoro kwenye jora zima kabla halijakunjuliwa. Aliishika sketi, akapapasa pale mfuko ulipokuwa.

"Sasa mikono yake nayo utaishona?" aliniuliza.

Nilimwambia aniache nifanye kazi yangu. Binti mwenyewe hakuuliza kitu. Aliivaa sketi, akapitisha viganja kwenye mapaja mara mbili tatu akitafuta, akainamisha kichwa, akaenda shule. Huyu ni mtoto anayeuliza kwa nini mvua haina harufu ikiwa bado juu. Siku hiyo hakuuliza, nami sikulitilia maanani.

Lazima niseme kilichonifanya niogope kiasi hicho. Mwezi wa sita kabla ya hapo, wakati wa kutoa karatasi za matokeo, mkurugenzi wa shule aliniita ofisini. Ni mtu mwenye adabu, na ananyoosha kola yake kila anapotaka kusema jambo baya.

"Papa, tunamupitisha," alisema. "Mais mwaka unakuya, kama conduite iko vile vile, mutamutafutia masomo ingine."

Mais ni lakini; conduite ni ile alama ya tabia darasani, na ya binti yangu ilikuwa mbaya kila muhula. Masomo ingine, yaani shule nyingine, kwetu upande wa mto Naviundu ilikuwa na maana moja tu. Shule nyingine iliyo karibu iko ng'ambo ya barabara kubwa, ile ambayo malori ya migodi ya kaskazini hupita mchana kutwa yakiwa na mzigo, na lori lenye mzigo halisimami kwa sababu mtu amelitaka lisimame.

Mwezi huo huo wa sita nilikuwa nimemtuma kununua uzi. Duka liko upande wetu wa barabara, hakuwa na haja ya kuvuka. Lakini ng'ambo kulikuwa na kipande cha karatasi ya kung'aa kinapeperuka, na yeye akakifuata. Nilisikia breki kutoka kwenye baraza yangu. Nilipofika, lori lilikuwa limesimama upande, dereva ameshuka na kukaa chini kwenye vumbi, na binti yangu amesimama ng'ambo na karatasi yake mkononi, akituangalia, anashangaa kwa nini tuna nyuso zile. Nilimpiga. Sikuwa na jingine la kufanya na ile hofu. Jioni aliniletea ile karatasi, akanipa.

Kwa hiyo nilipoambiwa masomo ingine, mimi nilisikia barabara. Mara nne kwa siku, maana watoto wetu hurudi nyumbani mchana mara nyingi, peke yake, huku anatafuta cha kung'aa.

Likizo hiyo tulimpeleka kwa daktari wa mambo hayo, katikati ya mji, ghorofani juu ya duka la simu. Muda tuliokaa mle, binti alipanda kwenye mizani mara tatu, akauliza feni inalala saa ngapi, na akasoma kwa sauti diploma iliyokuwa ukutani. Daktari alimwacha. Alituuliza maswali mengi, akampa michezo ya kuchora na kuhesabu, akatuita tena wiki iliyofuata, kisha akaandika herufi nne kwenye karatasi, TDAH, na akatueleza kwamba ni shida ya umakini na ya mwili usiotulia, kwamba amezaliwa nayo.

"Haiko wazimu, haiko majini," alisema. "Na haiko sababu hamukumupiga ya kutosha."

Mimi nilitazama feni.

Mke wangu akauliza habari ya dawa, na alivyouliza ilionekana anaogopa jibu la ndiyo na anaogopa jibu la hapana. Daktari hakumcheka.

"Dawa iko, na haiko mubaya. Mais hapa kuipata kila mwezi iko kazi ya nguvu, na kuanza kisha kuacha, kuanza kisha kuacha, ile njo mubaya. Tujaribu mwaka moja bila dawa. Kisha mutarudi, tutaona."

Halafu akatupa kazi. Tukitaka kumwambia kitu tumshike bega, tungoje macho yake yafike, ndipo tuseme, na tuseme maneno machache. Kazi ya shule tuikate vipande. Mwili upewe nafasi ya kutembea. Akifanya vizuri asifiwe hapo hapo, kesho inakuwa mbali kwake. Akae mbele darasani. Mke wangu aliandika yote nyuma ya daftari lake la sokoni. Mama yangu, ambaye wazazi wake walitoka Maniema na dini yao ya Kiislamu, alisoma dua kwenye kikombe cha maji akamnywesha, nami sikukataa. Kwenye orodha ya daktari hapakuwa na neno mifuko. Hilo nililiongeza mimi.

Muhula wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko yote. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa msichana mwenye sauti ndogo na wanafunzi wengi kupita kiasi. Wiki ya tatu aliniita.

"Papa, mutoto wenu iko na akili. Mais kuikala, hapana. Anakula kola ya blouse. Anavuta nywele ya benzake. Leo ametoka mu dictée, ameenda kuangalia maji mu gouttière."

Aliacha imla kwenda kutazama mfereji wa paa; kukaa tu kulimshinda. Nikamwambia kwa fahari kwamba mifuko nimeifunga, hana tena cha kuchezea. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari ya nchi nyingine.

Kola niliiona mwenyewe. Zilikuwa mbili, zimetafunwa mpaka kitambaa cha ndani kimetokea. Nilizibadilisha huku nimenuna. Nyumbani mambo yalikuwa afadhali kidogo, kwa sababu ya cherehani. Nina cherehani mbili za kanyagio kwenye baraza. Ya zamani niliitoa sindano na kuiacha mikono mitupu, na binti akapewa iwe yake. Alikaa pale akikanyaga na kupiga jedwali la saba, la nane, la tisa kwa kelele, gurudumu linazunguka bila kushona kitu. Kazi ya kuandika tuliipima kwa mavazi. Nikiwa nashona mkono mmoja wa shati, yeye anafanya hesabu tatu. Mkono ukiisha, anakimbia mpaka mtoni na kurudi, halafu mkono wa pili. Kola ilikuwa dictée, ile imla, maana kola inachukua muda. Wateja walizoea. Mmoja aliniambia shati lake limechelewa kwa sababu mtoto hajui kugawanya, na ilikuwa kweli.

Lakini shuleni hakuna cherehani, na karatasi ya muhula wa kwanza ilipotoka, alama za masomo zilikuwa zimepanda na conduite ilikuwa imeshuka chini ya ile ya mwaka uliopita. Nilikaa nayo kwenye baraza muda mrefu. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu nilikuwa nimefanya kila nilichoambiwa na zaidi. Ile zaidi ndiyo niliyokuwa najivunia.

Baada ya mapumziko ya mwisho wa mwaka, Jumamosi moja asubuhi, nilipeleka kanzu kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, ambako binti huenda kila Jumamosi. Huwa simpeleki mimi, huenda na watoto wa jirani. Nilifika wakiwa katikati ya kusoma. Mwalimu akaniashiria ningoje mlangoni.

Watoto walikuwa wamekaa mkekani wakisoma kwa sauti, na kama desturi ya chuo ilivyo, kila mmoja anayumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa mwendo wa maneno yake. Binti yangu alikuwa mstari wa pili. Nilimtafuta kwa sababu nilizoea kumwona kabla ya wengine, aliyesimama, aliyegeuka, na safari hii sikumwona mpaka nilipohesabu vichwa. Alikuwa amekaa. Nilisimama pale mpaka mguu mmoja ukafa ganzi, naye bado amekaa, anayumba na kusoma, haangalii hata mlango.

Na mkono wa kulia ulikuwa unafanya kazi. Alikuwa ameshika pindo la ushungi wake, anaukunja kwa vidole na kuukunjua, anaukunja na kuukunjua, bila kuutazama. Pindo lile nililijua. Nilikuwa nimelishona upya mara tatu mwaka ule, kila mara nikilaumu uzi. Lilikuwa limechakaa mahali pamoja tu, urefu wa vidole viwili, na fundi mzima nisijiulize ni nini kinachokula kitambaa mahali pamoja.

"Huyu hana shida," mwalimu wa chuo aliniambia alipokuja kuipokea kanzu. "Anashika haraka kupita bote."

Nilirudi nyumbani, nikachukua kifumulio, nikaifumua ile mishono yangu mizuri. Mishono miwili inachukua muda kufumuliwa. Ndani ya mfuko wa kulia nilishona kifungo kikubwa cha koti, kwa uzi mrefu kidogo ili kiweze kuzunguka, na pembeni yake kipande cha korduroi, chenye mistari ya kukwaruza kwa kucha. Haviwezi kutoka, haviwezi kuanguka, havitoi sauti. Mke wangu alirudi sokoni akanikuta. Aliingiza mkono mfukoni, akakizungusha kifungo mara kadhaa, kisha akaniuliza kama nimekula. Angenicheka ingekuwa nafuu.

Binti nilimpa sketi Jumatatu. Nikamwambia, "Hii ni ya kushika tu, wakati maîtresse anafundisha." Aliingiza mkono, uso wake ukabadilika, akaondoka mbio.

Siku ile ile nilikwenda kwa mwalimu wake na kumweleza, jambo ambalo lilinigharimu, maana nilikuwa nimeshamwambia mifuko ni adui. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema atajaribu, ila siku atakaposikia kelele ya kifungo atakikata mwenyewe. Nikamwomba pia amweke mbele na ampe kazi za kusimama: kufuta ubao, kugawa madaftari. Akasema kazi hizo hupewa wanafunzi wenye tabia njema. Nikamwambia najua.

Sitaki kusema kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Mwezi wa pili alifungua kalamu ya mwenzake kuona wino unakaa wapi, na wino ukaonyesha unapokaa, kwenye madaftari manne. Kuna wiki nzima aliyokataa kabisa kuandika, nami nikapiga meza mpaka mkasi ukaanguka. Lakini kola zilipona. Mwalimu alianza kuniita mara chache, kisha akaacha kuniita, na mlinzi wa lango akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Mwezi wa nne nilikutana na mwalimu sokoni, kwenye meza ya mke wangu. Alikuwa ananunua kitambaa, na bila mimi kumuuliza akasema, "Sasa anaikala, Papa. Ubao wangu, njo yeye anaufuta." Njo yeye, yaani ni yeye hasa. Mke wangu alimwongezea nusu mita.

Siku ya kutangaza matokeo ilikuwa na baridi na upepo wa vumbi. Watoto walipangwa mistari uani kwa darasa, wazazi tukasimama kando ya ukuta. Kwetu mtoto aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, na kila mzazi huja nayo akiwa ameificha, maana kuionyesha kabla ni kujitafutia aibu. Ya kwetu ilikuwa chini kabisa ya mfuko wa mke wangu, imefungwa ndani ya kitambaa. Mkurugenzi alinyoosha kola yake.

Kabla ya kuanza kusoma majina alipitisha macho kwenye mistari, watoto wote mikono chini, na macho yakasimama kwa binti yangu.

"Weye pale. Toa mukono mu mufuko."

Uwanja mzima ukamtazama. Akautoa mkono. Mkurugenzi akaanza kusoma darasa la kwanza, na darasa la tano lilikuwa mbali. Nilijua kitakachofuata, na kilifuata kwa mpangilio ule ule ninaoujua: kwanza vidole vikakamata pindo la blauzi, kisha mguu ukaanza kuchora chini, kisha kichwa kikageuka kuelekea lango lililokuwa wazi. Nilitaka kupaza sauti. Mke wangu alinishika mkono wa shati, shati langu mwenyewe, akakivuta kitambaa mpaka nikasikia mshono.

Ndipo mwalimu, yule wa sauti ndogo, akatoka kwenye nafasi yake mbele ya darasa, akamwendea mkurugenzi na kumsemesha. Alitaka kunong'ona, lakini upepo ulikuwa upande wetu.

"Mumuache, Directeur. Ule mukono njo unamusaidia kuikala."

Mkurugenzi alimtazama, akamtazama mtoto, akarudi kwenye karatasi yake. Mwalimu akageuka na kumtikisia binti kichwa. Mkono ukarudi mfukoni. Kichwa kikageuka kutoka langoni, na madarasa matatu yaliyobaki kabla ya lake yakasomwa, kila jina na asilimia yake, naye akiwa amesimama.

Alisomwa katikati ya orodha. Amefaulu. Kwenye karatasi, pale pa conduite, neno lilikuwa bon, yaani nzuri, kwa mwandiko mdogo wa mwalimu wake. Angebaki upande wetu wa barabara. Mke wangu alimwaga poda karibu yote, nyingine ikaniangukia mimi, na nililia kidogo ndani ya ile poda, ambapo haikuonekana.

Tulirudi kwa miguu kando ya mto. Mama yake alitangulia kwenda kupika. Binti alitembea kwa namna yake, mara mbele yangu, mara nyuma, kichwa cheupe, mkono mfukoni. Karibu na nyumbani akasimama.

"Baba," alisema, "mu sixième usifunge tena mifuko. Hata kama nitakosa."

Darasa la sita nililielewa, hilo kosa sikulielewa mara moja. Nikamuuliza alikosa nini mwaka huu, mwanzoni, hata mifuko ikafungwa.

"Siyui," alisema. "Nilingoja utaniambia."

Ndiyo kusema mtoto huyu, asiyeweza kungoja zamu yake kwenye bomba la maji, alikuwa amengoja tangu mwezi wa tisa. Nilianza kumweleza. Nilieleza kwa kirefu, habari ya vitu, ya ubao, ya daktari, na nilipomtazama alikuwa tayari anaangalia mbuzi aliyekuwa anapanda rundo la matofali.

Basi nikaacha. Nikamshika bega, nikangoja. Mbuzi alimaliza kupanda. Macho yalichukua muda, lakini yalifika.

"Haukukosa," nilimwambia. "Miye njo nilikosa."

Aliniangalia kwa makini, na niliona chini ya kitambaa cha sketi kidole chake kinazungusha kifungo.

"Bon," alisema, kama mwalimu wake, na akakimbia kumwona mbuzi.